Ndege Kumi na Mmoja wa Koko Orpa

Kila Jumamosi ya msimu wa baridi, saa moja kamili asubuhi, Koko Orpa alitoa kigoda chake nje, akajifunga vitenge viwili juu ya sweta, akakaa saa nzima bila kumwitikia mtu. Hata mchungaji akipita na kusalimu, alijibiwa kwa kidole kimoja kilichoinuliwa. Mchungaji alishazoea, wamama wa kwaya nao walishazoea. Mwenye shida alisubiri saa mbili ifike.

Mbele yake, kwenye pembe ya paa la bati, ulining'inia mfuniko wa ndoo uliotobolewa mara tatu na kufungwa nyaya tatu. Juu ya mfuniko alimwaga kiganja kimoja cha mtama uliovunjikavunjika, ule unaofagiliwa chini ya kinu cha kusaga wateja wakishaondoka. Pembeni aliweka kikopo cha maji. Mwezi wa sita na wa saba, pale Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, upepo unashuka kilimani kama mtu anayedai kitu. Mahindi yameshavunwa, majani yamekauka, mbegu za porini zimekwisha. Ndipo ndege wadogo wanapoacha aibu yao, wanasogea kwenye nyua za watu, wanakaa karibu na moshi wa jikoni mpaka mvua zirudi.

Walikuwepo tongo, vidogo vya kahawia vyenye vichwa vyeusi, ambavyo havijui kwenda popote peke yao. Walikuwepo chiriku wawili wenye kifua cha njano, mume na mke, wagomvi. Lakini wapenzi wa Koko Orpa walikuwa mishigi, wale wa rangi ya buluu kuanzia shavuni hadi mkiani, mgongo wa rangi ya udongo. Yeye aliwaita banafunzi. Kwao Fizi, huko Kongo, watoto walikwenda shule na yunifomu ya buluu, na jioni waliirudisha nyumbani imejaa vumbi mgongoni, vilevile.

"Kitendawili," alimwambia mjukuu wake Fortunée siku moja, saa mbili ilipogonga na ulimi wake ukafunguka.

"Tega," Fortunée alijibu bila kuinua macho kwenye cherehani.

"Iko anakula kutwa nzima, lakini ukimutia ku bahasha, posta habaongeze tembre ya barua."

"Mushigi, Koko. Kila kitendawili chako sasa ni mushigi. Zamani ulikuwa unatega na mayai, na moto."

"Zamani sikukuwa na kazi."

Kazi yenyewe ilimjia kwa mlango wa cherehani. Mwaka uliopita, mwanamke mmoja wa Lilongwe, Mai Kachingwe, mwalimu mstaafu, alileta mapazia yake kwa Fortunée kwa sababu alisikia Wakongo wa kambini wanajua kupiga pindo. Akiwa anasubiri aliona mfuniko wa ndoo na ndege juu yake, akasahau mapazia. Mai Kachingwe alikulia Tukuyu, ng'ambo ya mpaka, baba yake alikokuwa akifanya kazi, kwa hiyo Kiswahili chake kilikuwa kile cha redioni, kimenyooka. Alieleza kwamba wao mjini ni watu tisa, kila mmoja na uwanja wake nyuma ya nyumba, na wanahesabu ndege wadogo wanaokuja kukaa majumbani wakati wa baridi. Saa moja kila Jumamosi. Unaandika uliowaona pamoja kwa wakati mmoja, unapeleka karatasi. Mwisho wa baridi zote zinasomwa.

"Inasaidia nini?" Koko Orpa aliuliza.

"Kujua nani yupo na nani ameondoka."

Jibu hilo lilimwingia moja kwa moja, wala hakuuliza la pili. Aliazimwa jumelle, darubini ya macho mawili, kuukuu yenye kamba ya kiatu, akapewa karatasi za mistari. Uwanja wake ukawa wa kumi, na wa pekee nje ya Lilongwe.

Jirani yake, mzee Ndikuriyo, Mrundi aliyeshona viatu, hakulielewa jambo hilo hata kidogo.

"Weye Orpa, bantu banakatiwa posho, weye unapatia ndege! Kwetu hawa tungekuwa tumeshawatia chumvi."

"Ndege huyu mumoja hatoshe hata jino lako lile lenye kubakia."

"Kumi na mumoja banatosha."

"Umebahesabia wapi? Niko nabahesabu mimi, na sikukupatia karatasi."

Basi ndivyo walivyoishi, wakitaniana juu ya uzio wa mabua, na mzee huyo huyo ndiye aliyekuwa akifukuza paka kwa kurusha soli za viatu.

Sasa namna Koko Orpa alivyohesabu ndiyo iliyoleta maneno. Shule yake ilikuwa ya msingi, alifika la tano, na orodha pekee aliyowahi kuandika maishani ilikuwa ya wamama wa kwaya, ambayo ameishika miaka kumi na minne. Kwenye orodha ya kwaya kila mama ana kijiti chake, kila Jumapili. Aliyekuja, kijiti kinasimama peke yake. Ambaye hakuja, kijiti chake kinawekwa pale pale, na chini yake nukta ndogo. Nukta maana yake: hayuko leo, lakini ni wetu. Anaumwa, amejifungua, amekwenda Dowa kutafuta karatasi. Kijiti hakiondolewi mpaka mtu afe, na akifa panawekwa msalaba.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa sita mishigi walikuja kumi na mmoja kwa pamoja, wakajipanga juu ya mfuniko hata ukalemea upande. Akaandika vijiti kumi na kimoja. Jumamosi ya pili kumi na mmoja. Ya tatu tisa. Akaweka vijiti kumi na kimoja, viwili vikiwa na nukta. Ya nne saba. Kisha saba, kisha sita, kisha tano. Kila wiki vijiti kumi na kimoja, kila wiki nukta zikiongezeka, na kila wiki Fortunée alipiga karatasi picha kwa simu yake yenye kioo kilichopasuka, akaituma mjini.

Jumanne iliyofuata Jumamosi ya saba simu iliita. Fortunée akaiweka sauti kubwa, Koko Orpa akainama juu yake kama anayepuliza moto.

"Agogo, habari za huko? Baridi?" Mai Kachingwe aliuliza, akimwita bibi kwa Kichewa.

"Baridi njo yenyewe, Mai. Mambo?"

"Kuna jambo kuhusu karatasi yako. Mishigi kumi na mmoja, wiki saba. Hawapungui hata mmoja. Bwana Mseteka amelizungumza kwenye kikundi. Anasema ndege hawakai hivyo, si matofali. Anataka uwanja wako utolewe kwenye orodha."

Koko Orpa alivuta karatasi, akaweka kidole kwenye nukta.

"Mi sikudanganya, Mai. Bale bengine habako, lakini ni betu."

"Sijakuelewa vizuri, mtandao unakatika. Jumamosi tunakutana kwangu, tunasoma karatasi zote. Njoo nazo zenyewe, zile za mkono. Tusikilizane uso kwa uso."

Simu ikakatika. Fortunée aliendelea kusukuma kitambaa chini ya sindano, lakini mguu wake haukukanyaga.

"Kutolewa ku liste," Koko Orpa alisema polepole.

Neno hilo alilijua. Miaka sita iliyopita, siku ya kuhesabiwa watu, yeye alikuwa amelazwa hospitali mjini kwa ajili ya nyonga. Asiyeonekana siku ile alifutwa. Hakuna aliyemfanyia ubaya. Karatasi ilisema hayupo, na kweli hakuwepo. Lakini alirudi kambini na mkongojo akakuta hana namba, hana posho, na ilimchukua miezi minne ya kusimama kwenye foleni mpaka aandikwe tena kwamba yupo. Miezi hiyo minne alikula kwa sahani ya Fortunée, na Fortunée alikuwa mwembamba tangu hapo.

Kwa hiyo aliyoyaelewa kutoka kwenye simu ni haya: mjini wameona nukta, wamechoka na nukta, wanataka wasiokuja wafutwe. Na yeye asipowafuta, atafutwa yeye.

"Koko, futa tu," Fortunée alisema. "Ni tundege. Hawatajua kama wamefutwa."

"Mi nitajua."

"Basi watakutosha ku liste, na jumelle watachukua."

"Bachukue." Lakini mkono wake ulikwenda shingoni, kwenye kamba ya kiatu. Kazi ile aliipenda. Tangu alipovuka ziwa kutoka Kongo hakuna aliyewahi kumwomba aseme alichokiona kwa macho yake na kukiandika. Watu walimwuliza umri, kijiji, watoto wangapi, wangapi hai. Mai Kachingwe peke yake ndiye aliyemwuliza: asubuhi ya leo umeona nini?

Jumamosi walitoka mapema na barua ya ruhusa ya kutoka kambini, kwa kabaza wawili, baiskeli za kubeba abiria, hadi barabara kuu, kisha basi dogo hadi Lilongwe. Fortunée alibeba mfuko wa mandazi. Karatasi zilikuwa kifuani kwa Koko Orpa, ndani ya jalada la Biblia.

Nyumba ya Mai Kachingwe ilikuwa Eria 43, yenye miti mirefu mpaka ukuta hauonekani. Nyuma kulikuwa na meza ya ndege, ya mbao, yenye paa na nguzo nne kama kakanisa. Koko Orpa aliizunguka mara mbili.

"Hii ni nyumba kuliko ya Ndikuriyo," alimnong'oneza mjukuu wake.

Watu walikuwa wanane, wamekaa barazani na vikombe vya chai mikononi. Bwana Mseteka alikuwa mpima ardhi mstaafu, mrefu, kofia ya sufu imevutwa mpaka masikioni. Alisimama kumpa Koko Orpa kiti chake, kwa heshima yote ya Kichewa, akampigia makofi mepesi ya salamu. Hilo lilimchanganya bibi, maana alikuwa amejiandaa kumchukia.

Mai Kachingwe akaeneza karatasi mezani. Zile zote nyingine zilikuwa na tarakimu. Ya Dzaleka ilikuwa na vijiti. Bwana Mseteka alivaa miwani, akainama, akaweka ukucha chini ya mstari mmoja, akasema kitu kwa Kichewa.

"Anauliza huu ni uchafu wa nzi?" Mai Kachingwe akageuza kwa Kiswahili.

"Nzi?" Koko Orpa aliruka kidogo kitini. "Nzi njo inajua kuandika chini ya kijiti, tena katikati? Ile ni nukta. Huyo hakuya. Huyo naye hakuya."

Mai Kachingwe akaichukua karatasi, akaipeleka kwenye mwanga. Kwenye picha za simu, kwa ule mpasuko wa kioo na kile kivuli, nukta hazikuonekana hata moja. Akahesabu kwa midomo.

"Kwa hiyo wiki ya tatu ni tisa."

"Tisa."

"Na ya nne saba. Na Jumamosi iliyopita tano."

"Tano. Na leo sijui, leo niko hapa nakunywa chai."

Mai Kachingwe akacheka, akawageuzia wengine maneno hayo, nao wakacheka, hata Bwana Mseteka. Fortunée akashusha pumzi. Ingeweza kuishia hapo. Lakini Bwana Mseteka alikuwa mtu wa kamba na vigingi. Akatoa kalamu nyekundu mfukoni, akaisogeza mbele ya Koko Orpa kwa upole, na Mai Kachingwe akageuza: basi Agogo afute vijiti vyenye nukta, vibaki vya walioonekana, na jambo limekwisha.

Koko Orpa aliitazama kalamu. Hakuigusa.

"Apana."

"Koko," Fortunée alinong'ona.

"Mi sifute. Munitoshe ku liste kama munataka." Akamgeukia Bwana Mseteka, akasema kama anavyosema na watoto wa jirani: "Kitendawili!"

Mai Kachingwe, mtoto wa Tukuyu, akajibu kabla hajafikiri: "Tega!"

"Niko ku liste, siko ku kiti."

Ikageuzwa kwa Kichewa. Bwana Mseteka akafikiri kwa dhati, akapangusa miwani. "Marehemu," alisema.

"Apana! Marehemu iko na musalaba. Ni musafiri." "Mutu ya safari munamufuta sababu gani? Akirudi atasema nini? Mi walinifuta, nilikuwa ku kitanda cha hospitali. Nilirudi nikakuta siko."

Mai Kachingwe aligeuza haya polepole sana, na mara mbili alisimama kutafuta neno. Hakuna aliyekunywa chai. Bwana Mseteka akairudisha kalamu nyekundu mfukoni mwenyewe.

Ni Mai Kachingwe aliyevuta kiti karibu.

"Agogo, nikuulize. Wale wa nukta, ukiwaondolea kijiti kwenye karatasi yetu, Jumamosi watakaporudi watanyimwa mtama?"

"Nani atabanyima?"

"Ndiyo nakuuliza. Mtama anamwaga nani?"

Koko Orpa alikunjua kiganja. Aliutazama mkono wake wa kulia, ule wa kiganja kimoja kila asubuhi. Miaka yote hii amesimama upande mmoja wa meza, upande wa wanaohesabiwa, hata hakugundua siku alipozunguka akakaa upande wa pili. Pale kwenye mfuniko wa ndoo mwenye kugawa alikuwa yeye. Aje mmoja, waje kumi na mmoja, waje arobaini wasioandikwa popote, hakuna hata mmoja atakayeulizwa namba.

"Namwaga mimi," alisema.

"Basi?"

"Basi..." Akacheka, akajifuta jicho kwa ncha ya kitenge. "Basi mi njo chef, mukubwa."

Lakini hakumaliza hapo. Alikuwa ameshaona kitu mezani, akanyoosha kidole kwenye karatasi ya Bwana Mseteka mwenyewe. Safu ya tongo: nane, nane, sita, sita, halafu wiki tatu hakuna kitu, peupe.

"Na hapa, papa? Hapa tongo habakukuya, ao we haukuangalia?"

Iligeuzwa. Bwana Mseteka akainama juu ya karatasi yake. Akahesabu tarehe kwa vidole. Wiki moja alikuwa na harusi Mitundu, hiyo aliikumbuka. Mbili zile nyingine, alisema, pengine alikaa akaangalia na hawakuja. Au pengine mvua ndogo ile ya baridi. Hakuweza kusema kwa hakika.

Jirani yake barazani akachungulia ya kwake, akakuta peupe mara nne. Mwingine akaigeuza yake kifudifudi mezani.

"Angalia sasa," Koko Orpa alimwambia Fortunée bila kushusha sauti. "Bantu ya masomo."

"Koko!"

Mai Kachingwe alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Kisha wakaongea wao kwa wao kwa Kichewa, muda mrefu, Bwana Mseteka akichora hewani mistari na alama. Koko Orpa hakuelewa maneno, lakini aliona mtu akichora nukta hewani kwa ncha ya kidole, mara tatu, na wenzake wakitikisa vichwa kukubali.

"Tumekubaliana hivi," Mai Kachingwe alisema hatimaye. "Kwenye karatasi ya kikundi, namba ni ya walioonekana tu. Hilo halina mjadala, Agogo, ndiyo kazi. Lakini ambaye amekaa saa yake na hakuona, ataweka nukta. Peupe ni kwa ambaye hakukaa. Sote kumi, kuanzia leo. Na kwa mishigi utaandika tisa, saba, kama ulivyowaona. Unakubali?"

Koko Orpa alifikiri. Daftari lake la nyumbani hakuna aliyelitaja. Humo vijiti vingesimama kumi na kimoja mpaka yeye mwenyewe apende. Na kama wale waliokuwa wanakuja sasa si wale wale wa kwanza, hilo pia hakulijua, wala Bwana Mseteka hakulijua.

"Nakubali. Munipe kalamu. Ile ya buluu, si ile nyekundu."

Akaandika tarakimu zake pale pale, moja moja, ulimi umetoka pembeni mwa mdomo, na watu wanane wa mjini wakimtazama mpaka wiki ya saba. Bwana Mseteka alikula mandazi matatu, akauliza yamepikwa na nani.

Wakati wa kuondoka Mai Kachingwe alimpa bahasha kubwa ya kaki. Ndani mlikuwa na karatasi mpya, safi, zilizopigwa tarehe tayari: Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa sita, mwaka ujao, na zote zinazofuata. Juu kabisa, kwenye kila moja: *Uwanja namba kumi, Dzaleka. Orpa Mulenda.*

Njiani kurudi aliitoa ile ya juu, akaisoma, akairudisha, akaitoa tena.

"Unaangalia nini?" Fortunée aliuliza. "Haina kitu."

"Iko na jina yangu ku mwaka wenye haujafika."

Walifika jua likiwa bado juu ya mabati. Ndikuriyo alikuwa mlangoni kwake, kiatu cha mtu kati ya magoti.

"Enhe! Bamekufuta?"

"Nani anifute? Mi njo chef." Akamwonyesha karatasi juu ya uzio, kwa mbali, asije akaitia gundi. "Ona. Mwezi wa sita, mwaka ujao."

Ndikuriyo alisoma kwa kukunja uso. "Na kama mwaka ujao uko Kanada? Bale ba bureau ya kupeleka bakimbizi ng'ambo si baliita jina yako ile siku?"

"Baliita, habakurudilia kuita."

"Lakini kama bakirudilia?"

Koko Orpa alizikunja karatasi vizuri kwenye mikunjo yake ile ile, akazitia ndani ya kitenge.

"Basi bibi ingine atamwaga mtama, na mimi bataniwekea nukta."

Ndikuriyo alicheka mpaka akakohoa, nyundo ikamponyoka. Alipopata pumzi aliuliza kama mandazi yamebaki. Yalikuwa yamebaki mawili, na Fortunée akampitishia moja juu ya uzio.